Betri ya sola haijai? Pima kwanza kabla hujanunua ingine

Mwaka jana nilinunua betri mpya na ile ya zamani haikuwa na shida yoyote, na bado inaniuma. Hapa Ruai, Nairobi, nina paneli moja ya wati 100 juu ya mabati, kontrola ndogo (kale kasanduku kati ya paneli na betri kanakosimamia chaji) na betri ya maji ya 12V, 100Ah. Ilianza hivi, saa nne asubuhi kontrola inawasha taa ya kijani eti betri imejaa, alafu saa mbili usiku watoto wakiwa katikati ya katuni TV inazima pap. Fundi akaja akaangalia taa tu, hata waya hakugusa, akasema betri imekufa. Nikaenda tao nikabeba nyingine kwa matatu, nikafunga, na kesho yake ikawa mambo ni yale yale.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni mita ya kupima volti. Ile ndogo ya dijitali utaipata tao, Luthuli Avenue, na ni rahisi kuliko betri yoyote. Ukipima betri zungusha swichi ya mita uweke DC 20, lakini ukipima paneli weka DC 200, ju paneli ya 12V isipofungwa kwa kitu hutoa karibu volti 21 na kwa 20 mita itaandika 1 pekee yake na utadhani imeharibika.

Anza asubuhi kabla jua halijatoka, kila kitu kimezimwa. Betri ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, ikifika 11.9 kushuka chini hapo hakuna kitu. Andika hio namba mahali. Rudi saa sita mchana jua likiwa kali na upime mara mbili, kwanza pale kontrola waya za betri zinaingia, alafu kwa betri yenyewe, na hapa nisikize vizuri, gusisha ncha za mita kwa ile risasi ya betri, usiguse kile chuma kilichoishika. Hizo namba mbili zinafaa kuwa karibu sawa. Mimi kwa kontrola nilipata 14.4 na kwa betri 13.1. Volti moja na zaidi imepotelea njiani! Nikafuata waya na mkono polepole, nikafika kwa kishikio cha fyuzi, kikanichoma vidole. Kukifungua ndani kale kaspringi kamekuwa rangi ya kahawia na plastiki imeanza kuyeyuka. Sasa kontrola hupima pale kwake tu, haijui huko mbele kuna nini, ikiona 14.4 inadhani betri imeshiba na inapunguza moto, kumbe betri inakufa njaa. Nilibadilisha hako kadude nikasafisha waya na jioni hio TV ikaenda mpaka tukalala.

Kama mahali waya zimefungwa kuna unga mweupe au wa kijani, ni ugonjwa huo huo. Toa waya za paneli kwa kontrola kwanza, ndio utoe za betri, osha na maji moto yenye bekingi soda bila kuacha yaingie ndani ya betri, piga msasa mpaka chuma king'are, kaza, paka vaselini. Ukirudisha ni kinyume, betri iingie kwa kontrola kwanza, paneli iwe ya mwisho, ju kontrola nyingi hutambua kama ni 12 au 24 kupitia betri. Vua pete na bangili, na usiwashe jiko wala sigara karibu, betri ikichaji hutoa gesi inayolipuka.

Kama kwa betri namba haipandi kabisa mchana, angalia pale paneli inaingia kwa kontrola bila kutoa waya. Kwa kontrola za kawaida za PWM, zile zinazounganisha paneli na betri moja kwa moja, utapata karibu sawa na betri, tuseme 13, na hio ni sawa kabisa, wengi hapo ndio husema paneli imeharibika na si kweli. Lakini ukipata 20 na betri bado iko 12.2, basi moto umefika kwa kontrola na haupiti, hapo sasa ni kontrola. Ukipata sufuri, panda juu ukaangalie waya, panya na jua huzimaliza.

Ukiwa huko juu angalia kivuli pia. Tangi la maji la jirani likifunika kona moja tu, paneli inaweza kupoteza nguvu nyingi kuliko hio kona yenyewe. Nairobi tuko kusini mwa ikweta kidogo, kwa hivyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kivuli ambacho hakikuwa Desemba unakikuta. Pangusa vumbi na kitambaa chenye maji asubuhi paneli ikiwa baridi.

Alafu kuna hesabu ambayo hakuna mita itakuonyesha. Siku nzuri wati 100 zikipata saa nne za jua kali ni 400Wh (wati mara masaa), ukitoa zinazopotea labda zinabaki 300. TV ya wati 40 na dekoda ya 15 kwa masaa sita ni 330 tayari, na bado hujawasha taa. Julai na yale mawingu ya kuamka hadi jioni utapata nusu au chini ya hapo. Hapo hakuna kilichoharibika, punguza matumizi au ongeza paneli.

Betri utaijua imekufa hivi: ijaze, itoe kila waya, ilale peke yake usiku. Ikiamka 12.2 imeisha. Kama ni ya maji fungua vifuniko, maji yafunike bati za ndani, ongeza maji ya betri tu, si ya mfereji na si asidi.

Ile betri yangu iliyosemwa imekufa nilimpea jirani wa taa za kuku. Jana asubuhi tumeipima, 12.6.