Moto, upepo, umeme kukatika: namna ya kujipanga sisi wa Tabora kabla msimu haujafika

Huku kwetu haya mabalaa matatu yanakuja kwa kupokezana. Moto wa porini unaanza Juni na unakuwa mkali kabisa Septemba na Oktoba, alafu mvua za kwanza zikikaribia unakuja ule upepo wa ghafla unaobeba mabati, na upepo ukishapita umeme nao unakuwa umeondoka. Mimi ni fundi wa kupaua na nina mizinga ya nyuki porini upande wa Sikonge, kwa hiyo haya mambo nayaona kwenye mapaa ya watu na kwenye manzuki pia, yaani pale ninapotundika mizinga. Kitu ninachotaka kila mtu akishike ni kalenda. Watu wengi wanashtuka wakiona moshi au wingu limeshatanda, na muda huo kilichobaki ni kukimbia tu, kazi yenyewe ilitakiwa iwe imefanyika miezi mitatu nyuma.

Hatua ya 1: Mei na Juni, kata barabara ya moto

Barabara ya moto ni ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto usivuke. Kata miezi hii, majani bado yana ubichi kidogo chini na udongo haujawa mgumu. Kuzunguka nyumba au bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia, hakikisha kuna mita 10 ambazo hazina nyasi kavu, hazina rundo la kuni, hazina magunzi yamerundikwa ukutani. Kuzunguka manzuki mita 3 zinatosha kama nyasi ni fupi, ila kwa nyasi za kiunoni mimi sishuki chini ya mita 5. Na kufyeka peke yake haitoshi, nyasi ulizofyeka ukaziacha pale pale zinakauka na zinawaka vizuri kuliko zilizosimama. Piga jembe mpaka udongo wenyewe uonekane, takataka zote sogeza nje.

Sasa hapa ndio wengi wanapoangushwa. Miombo yetu, yaani miyombo, mitundu na wenzao, inapukutisha majani kiangazi. Barabara uliyoilima safi Juni, ukienda kuitazama Agosti mwishoni utakuta imefunikwa na zulia la majani makavu, ukikanyaga yanalia, na moto unavuka juu yake kama hakuna kitu. Lazima urudi na reki au tawi ufagie, na Septemba ufagie tena. Ukifika hapo angalia na chini ya kila mzinga, maana gome kavu na nta iliyodondoka kwenye shina ndio ngazi ya moto kupanda juu.

Hatua ya 2: Choma mapema, lakini kwa utaratibu

Kama eneo ni kubwa barabara moja haitoshi. Lima mistari miwili sambamba upande unaotoka upepo, ambao kwetu kiangazi ni mashariki au kusini mashariki, katikati acha nyasi za upana wa mita 10 hivi, hizo ndio unazichoma mwenyewe Juni kabla moto wa watu haujaja Septemba. Moto ukifika pale unakosa chakula.

Kabla hujawasha njiti nenda kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu upate kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 haikuruhusu kuchoma unavyojisikia. Majirani wote wenye mashamba na mizinga waambie siku na saa. Alafu subiri mpaka saa 10 jioni, jua limepoa na upepo umeshuka, umande wa usiku utakusaidia kumalizia. Washa kwenye mstari ulio karibu na mali yako ili moto utambae polepole ukipingana na upepo, usiwashe upande wa pili ukausukuma upepo, utakukimbia. Watu wasiwe chini ya watano, kila mmoja na tawi bichi, na mabomba ya mgongoni mawili yamejaa maji. Yale mabomba ya kupulizia tumbaku au pamba yanafaa ila yasafishe sana kwanza, dawa ikibaki humo inakuwa sumu kwako unayevuta ule mvuke, na kwa nyuki.

Na ndugu zangu warina asali, hili nasema kwa uchungu kabisa. Mioto mingi ya porini inaanzia kwetu, mtu anarina kwa mwenge, anamaliza, anautupa anaondoka. Tumia bomba la kupulizia nyuki moshi, ukimaliza mwaga makaa kwenye shimo, weka maji, fukia, alafu shika pale kwa mkono. Kama hakuna maji usiondoke mpaka pamepoa.

Hatua ya 3: Agosti na Septemba, panda juu ya paa

Upepo hauondoi paa kwa kulisukuma. Ukipita juu unalinyonya, na ule ulioingia mlangoni au dirishani unalinyanyua kwa ndani, hizo nguvu mbili zikikutana bati la kwenye kona ndilo linaanza. Likishafunguka moja mengine yanafuata yenyewe.

Kwa hiyo anza ukaguzi kwenye kona, kingo za chini na kofia, yaani bati la kileleni. Tingisha bati kwa mkono. Kama linacheza, msumari umeshalegea, toa ule msumari, weka mwingine mrefu zaidi wenye mwavuli au skrubu ya bati, usiugongelee ule ule kwenye tundu lile lile kwa sababu tundu limeshapanuka. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati sio kwenye bonde, na kwenye kingo piga kila mgongo wa pili. Papi za pembeni, yaani zile mbao zinazopigiliwa mabati, nazo ziwe karibu karibu kuliko za katikati, na bati la geji 32 ni jembamba sana kwa paa la nyumba ya kuishi, linachanika kwenye kichwa cha msumari. Kama mfuko unaruhusu chukua 28, ndio nene zaidi.

Lakini mabati ni nusu ya kazi. Nimeona paa limeng'oka zima zima, mabati yote yameshika papi na papi zimeshika kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), limekwenda kudondoka shamba la jirani. Shida inakuwa kwamba kenchi zimekalishwa tu juu ya ukuta na kupigwa misumari ya kwenda chini. Msumari wa namna hiyo unashikilia mzigo usiteleze, ila upepo ukivuta kwenda juu unachomoka. Kama ndio unajenga saivi, wakati wa kumwaga linta acha vipande vya nondo ya milimita 6 vikitokeza, kila palipo na kenchi, alafu kenchi ikikaa unaikunjia nondo juu yake. Kama nyumba ilishaisha usikate tamaa, toboa ukuta kozi (mistari ya tofali) tano au sita chini ya wolipleti, ile mbao inayolala juu ya ukuta, pitisha waya mnene uzunguke kenchi, kaza kwa koleo mpaka ushike. Kozi moja chini haisaidii, hasa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, utaona upepo unaondoka na kenchi pamoja na zile tofali.

Paa la baraza lipaue peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Baraza ndio linakamata upepo kuliko sehemu yoyote, na likiondoka bora liondoke lenyewe.

Mawe juu ya bati naomba tuache, upepo ukinyanyua bati yale mawe yanashuka juu ya watoto. Miembe iliyo karibu na nyumba punguza matawi makavu na yaliyolalia paa, ila usikate miti yote, hiyo miti ndio inavunja nguvu ya upepo kabla haujakufikia.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ni mafupi. Chaji simu, pawabenki na taa za sola mapema kila wingu likionekana kubwa, weka maji kwenye ndoo maana pampu ikikosa umeme na maji hamna. Umeme ukikatika chomoa friji, tivii, na kila kitu chenye chaja, kwa sababu ukirudi unaweza kurudi na nguvu isiyo sawa. Ukisharudi na kutulia ndio uchomeke, na friji iwe imekaa dakika 5 au zaidi bila umeme isije ikaua kompresa. Friza lililojaa na lisilofunguliwa linaweza kuhifadhi baridi kama siku mbili, lililo nusu siku moja, friji la kawaida masaa 4 tu.

Jenereta inakaa nje, mbali na madirisha, wala isiwekwe barazani. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wamelala, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hivyo hivyo. Na usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme unarudi mpaka kwenye nguzo na fundi aliyeko juu anakufa wakati anakutengenezea wewe. Weka chenji ova, yaani swichi ya kuhama kati ya umeme wa nguzo na jenereta, afunge fundi mwenye leseni.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Upepo ukianza funga milango na madirisha yote, kaa chumba cha ndani mbali na vioo, usijifiche chini ya mti. Moto ukija vaa nguo za pamba, nailoni inayeyuka na kugandia ngozi, funika pua kwa kitambaa cha maji, piga 114. Usipambane na moto kwa mbele wala usikae juu ya mteremko ukiusubiri, unapanda haraka kuliko unavyokimbia. Miali ikizidi kimo chako achana nao, watu kwanza. Aliyeungua mwagilia maji safi ya baridi dakika 20, usipake dawa ya meno wala samli, mpeleke zahanati.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Waya uliodondoka kaa nao mbali mita 10, hata kama mtaa mzima ni giza, toa taarifa TANESCO. Piga picha za uharibifu kabla hujagusa kitu, uzipeleke kwa mtendaji uharibifu ukaandikwe. Paa usipande likiwa limelowa. Mabati yaliyokunjika kidogo yanyooshe kwa nyundo ya mbao, matundu ya zamani yazibe kwa gundi ya bati, misumari iliyopinda tupa.

Porini moto ukizimika bado haujaisha. Magogo na visiki vya miombo vinafuka kwa ndani siku kadhaa, juu unaona majivu meupe tu. Pitisha mgongo wa mkono karibu na kisiki bila kugusa, ukisikia joto chimbua mpaka kwenye mizizi, mwaga maji, koroga na udongo. Rudi saa 6 mchana upepo unapoanza, ndio muda vinapofufuka. Ukiwa humo tazama juu, matawi yaliyoungua kwa ndani yanadondoka bila kelele.

Visiki usiving'oe, vingi vitachipua mvua zikija. Mizinga iliyonusurika weka maji karibu kwenye beseni lenye mawe ya nyuki kutua, maana maua yameungua na vijito vimekauka. Iliyohamwa kwangua masizi na nta iliyoyeyuka, paka nta mpya kwa ndani, itundike tena kabla ya Novemba ili makundi yanayotafuta makazi yakute nyumba iko tayari.