Tati za Nazi za Hong Kong: Namna ya Kuzioka Nyumbani

Katika maduka ya mikate ya Hong Kong, na vilevile katika mitaa ya Wachina ya San Francisco, New York, Toronto na Vancouver, trei ya tati za nazi huwekwa jirani na trei ya tati za mayai. Za mayai ndizo zilizopata sifa duniani, lakini za nazi, ambazo kwa Kikantoni huitwa ye taat, ndizo zinazomfaa zaidi mtu anayeoka nyumbani, kwa sababu hazidai ule ustadi wa kuivisha rojo la mayai bila kulipasua. Tati yenyewe ni kijikeki cha duara kinachoenea kiganjani. Chini kina ganda la biskuti linalovunjika kirahisi, na ndani kimejaa nazi iliyochanganywa na siagi, maziwa, sukari na mayai, ambayo juu imekauka na kupata rangi ya dhahabu huku chini ikibaki laini na yenye unyevu. Katikati huwekwa kipande cha cheri nyekundu iliyohifadhiwa katika sukari.

Unyevu huo ndio kipimo cha tati nzuri, na ndiyo sababu tati nyingi zinazookwa nyumbani huharibika. Nazi kavu ya paketi ina kiu kubwa. Ikichanganywa na mayai na kuingizwa ovenini papo hapo, itaunyonya unyevu wote wakati mayai yanaiva, na utakachotoa ni tati ngumu inayotafunika kama machujo ya mbao. Dawa yake ni kuinywesha nazi maziwa ya moto mapema na kuipa muda wa kuyanywa kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Kwa hiyo anza na kijazo, ingawa ndicho kitakachoingia katika ganda mwishoni.

Kwa tati 12 zenye upana wa sentimita 7 hivi kwa juu, kijazo kinahitaji gramu 120 za nazi kavu iliyosagwa laini, gramu 100 za sukari, gramu 60 za siagi, mililita 100 za maziwa, yai moja na nusu, gramu 30 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha beking pauda na chumvi kidogo. Ganda linahitaji gramu 175 za unga wa ngano mweupe, gramu 25 za unga wa kastadi, gramu 110 za siagi, gramu 50 za sukari ya aisingi, kijiko kimoja cha chakula cha maziwa ya unga, chumvi kidogo, na ile nusu ya yai iliyobaki. Mayai mawili yanatosha kwa kazi yote: moja lipige peke yake katika kibakuli, nusu yake uitie katika ganda na nusu nyingine katika kijazo pamoja na yai la pili. Tafadhali tumia mizani. Kikombe kimoja cha nazi iliyoshindiliwa na kikombe kimoja cha nazi iliyomwagwa tu hutofautiana sana kwa uzito, na tofauti hiyo inatosha kuharibu kijazo.

Waokaji wa Hong Kong hupenda kutumia maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari, ambayo ndiyo hayohayo wanayotia katika chai yao. Ukiyapata, changanya mililita 50 za maziwa hayo na mililita 50 za maji. Maziwa ya kawaida nayo yanafaa. Anayetaka nazi isikike zaidi atumie tui zito badala ya maziwa, na apunguze siagi hadi gramu 45, kwa kuwa tui lina mafuta yake. Sipendekezi iliki hapa, hata kwa sisi tuliozoea kuitia karibu katika kila kitu kitamu, kwa sababu harufu yake huifunika ile ya siagi na maziwa, na harufu hiyo ndiyo inayoitambulisha tati hii.

Kuhusu nazi yenyewe, wakazi wa pwani watauliza kama nazi mbichi haifai. Inafaa, na ladha yake huishinda ya paketi, lakini haiwezi kuingia katika kipimo hiki kama ilivyo, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ikune kwa mbuzi mwenye meno madogo na uache kukuna mara unapokaribia ile ngozi ya kahawia, la sivyo kijazo kitakuwa na madoa. Chukua gramu 220 za chicha hilo ambalo halijakamuliwa, litandaze katika trei na ulikaushe katika oveni yenye nyuzijoto 110 za Selsiasi, au katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo huku ukiligeuza bila kuacha, mpaka libaki na uzito wa gramu 130 hivi. Linapaswa kubaki jeupe. Ukilisugua kati ya vidole, liachane chembe kwa chembe na kuacha mafuta kidogo bila kulowesha ngozi. Chicha lililokwisha kukamuliwa tui lisitumike, kwa sababu mafuta na utamu wake vimekwenda na tui.

Weka maziwa, sukari, siagi na chumvi katika sufuria ndogo juu ya moto wa wastani, ukoroge mpaka siagi iyeyuke na usisikie tena chembe za sukari zikikwaruza chini ya mwiko. Mchanganyiko usichemke kwa nguvu. Ukianza kutoa mapovu pembeni, uepue. Mimina juu ya nazi katika bakuli, changanya mpaka kila chembe ilowe, kisha funika na uache kwa dakika 30 au zaidi. Mwanzoni utaona maziwa yametuama chini ya bakuli. Baada ya nusu saa hayatakuwepo tena: nazi itakuwa imevimba kidogo, imeshikana, na ukiisukuma kwa kijiko hakuna kitakachotiririka. Hiyo ndiyo dalili kwamba imekunywa vya kutosha. Mchanganyiko ukishapoa kabisa, tia yai moja na nusu, changanya, kisha chekechea unga pamoja na beking pauda na ukoroge hadi usione unga mkavu. Kijazo kiwe kizito lakini laini, kinachoanguka kutoka kijikoni kwa donge moja. Kikiwa kigumu kiasi cha kufinyangika, ongeza kijiko kimoja cha maziwa.

Sasa ganda. Tati za Hong Kong zina maganda ya aina mbili. La kwanza ni la matabaka, linalotengenezwa kwa madonge mawili, moja la maji na mayai na lingine la mafuta, yanayokunjwa na kusukumwa mara kadhaa. Kwa desturi mafuta hayo mara nyingi yalikuwa ya nguruwe, na baadhi ya maduka huyatumia hadi leo, jambo ambalo msomaji Mwislamu anapaswa kuliuliza kabla ya kununua. La pili ni la biskuti, linalotumia siagi peke yake. Mtu asidhani kwamba la biskuti ni njia ya mkato ya nyumbani tu. Duka la Tai Cheong, lililofunguliwa mwaka 1954 katika eneo la Central, lilijijengea jina kwa tati za mayai zenye ganda la namna hiyohiyo, na Chris Patten, gavana wa mwisho wa Kiingereza aliyeondoka mwaka 1997, alikuwa mteja wake aliyejulikana. Kwa kijazo cha nazi, ambacho ni kizito na kina mafuta, naona ganda la biskuti linafaa zaidi, maana halilegei haraka.

Siagi iwe laini kiasi cha kubonyea kwa kidole, lakini isiwe imeanza kung'aa kwa mafuta. Ichanganye na sukari ya aisingi kwa mwiko mpaka vishikane, basi. Usiipige mpaka iwe nyeupe kama unavyofanya kwa keki, kwa sababu hewa hiyo italiumua ganda na kulifanya lipoteze umbo lake ovenini. Tia nusu ya yai kidogo kidogo, kisha chekechea unga wa ngano, unga wa kastadi, maziwa ya unga na chumvi. Unga wa ngano tunaonunua kwa chapati na mandazi una nguvu kuliko ule unaotumika kwa biskuti huko Hong Kong, na kastadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni wanga wa mahindi, huupunguza nguvu na kuupa ganda rangi ya manjano na harufu ya vanila. Kusanya mchanganyiko kwa ncha za vidole mpaka uwe donge. Usikande. Unga ukikandwa huvutika, na ganda lililovutika hunywea ovenini na kuacha kijazo kikining'inia pembeni.

Bapua donge, lifunge na uliweke kwenye friji kwa dakika 30. Katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hatua hii haiwezi kurukwa, kwa maana siagi huyeyuka mikononi na donge hugeuka kuwa uji. Kisha ligawe katika vidonge 12 vya gramu 30 hivi kila kimoja. Kusukuma kwa kifimbo kunawezekana, lakini ni rahisi zaidi kukiweka kidonge ndani ya kikopo cha kuokea tati na kukitandaza kwa dole gumba, ukianza katikati na kupanda ubavuni huku ukikizungusha kikopo. Angalia pale chini ubavu unapokutana na kitako: unga hupenda kurundikana hapo, na ukiachwa mnene utabaki mbichi. Unene wa milimita 3 unatosha. Ubavu upite ukingo wa kikopo kidogo tu. Vikopo vyenye kingo za mawimbi ndivyo vinavyozipa tati sura ya dukani, ila trei ya kuokea keki ndogo nayo inatosha, mradi uipake siagi. Choboa kitako kwa uma mara mbili au tatu, kisha rudisha vyote kwenye friji kwa dakika 15 oveni ikipata moto.

Washa oveni kwa nyuzijoto 190 na uweke ndani trei nzito katika ngazi ya chini, ili vikopo vikute trei yenye moto tayari. Jaza kila ganda kwa kijiko mpaka ukingoni na kimwinuko kidogo katikati, bila kushindilia. Kijazo kilichoshindiliwa huiva kikiwa donge zito, lakini kikiachwa huru nyuzi za nazi zilizosimama juu huwahi kubadilika rangi na kuwa na mkatiko. Weka nusu ya cheri katikati, upande uliokatwa ukiwa chini. Oka kwa dakika 10 hadi 12, kisha punguza moto uwe nyuzijoto 170 na uendelee kwa dakika 12 hadi 15. Moto wa mwanzo ni kwa ajili ya kitako. Ule wa baadaye ni wa kuivisha nazi polepole. Kwa kuwa oveni hutofautiana, fuata macho kuliko saa: ukingo wa ganda uwe na rangi ya biskuti iliyoiva, uso wa nazi uwe wa dhahabu, na ukiubonyeza kidogo katikati uinuke tena. Juu pakikolea mapema, funika kwa karatasi ya foili. Kijazo kikipanda na kupasuka, ama beking pauda ilizidi ama moto wa pili ulikuwa mkali.

Anayetumia jiko la mkaa anaweza kuzioka katika sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliopashwa moto, kwa mkaa wa chini na wa juu ya mfuniko kama tunavyooka keki. Tofauti ni kwamba kwa tati mkaa wa chini uwe mwingi kwa dakika 10 za kwanza na wa juu uwe makaa machache tu. Baada ya hapo punguza wa chini na uongeze wa juu, na usifunue mara kwa mara.

Wakati zinaokwa, chemsha vijiko viwili vya chakula vya sukari na viwili vya maji mpaka sukari iyeyuke. Tati zikitoka tu, zipake shira hiyo kwa brashi, kwani ndiyo inayozipa ule mng'ao wa dukani na kuzuia uso usikauke. Ziache katika vikopo kwa dakika 10, kisha zitoe na uziweke juu ya waya. Zikiondolewa mapema zaidi ganda litavunjika, na zikichelewa mvuke utakilowesha kitako. Nazi huongezeka utamu tati zikipoa hadi uvuguvugu, kwa hiyo inafaa kusubiri nusu saa kabla ya kuzipanga sahanini na kumimina chai ya maziwa.

Zinazobaki huweza kukaa siku moja katika chombo chenye mfuniko mahali penye ubaridi, au siku tatu katika friji. Kabla ya kula zirudishe katika oveni ya nyuzijoto 160 kwa dakika 6 au 7 ili ganda likauke tena, maikrowevu italilegeza. Maganda mabichi yaliyokwisha kutandazwa katika vikopo yanaweza kugandishwa kwa mwezi mmoja na kujazwa yakiwa bado na baridi, na hapo uongeze dakika mbili au tatu za kuoka.