Ziba maungio ya 504 kwanza, rangi baadaye

Ukiniletea Peugeot 504 ya kupigwa rangi hapa Mombasa, rangi siiangalii kwanza. Nafungua buti, nainua zulia, kisha nakwaruza silanti ya zamani, yaani ule mpira laini unaoziba maungio ya bati, kwa ncha ya bisibisi. Ikibanduka vipande na kuacha unga mwekundu, rangi itasubiri.

504 ya saluni haina chesisi iliyotengwa na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Bati limeshikwa na bati kwa nukta za kuchomelea, na kati ya nukta na nukta pana upenyo. Maji yenye chumvi yakishaingia humo, kutu huanzia mahali ambapo msasa haufiki. Rangi ni ngumu na nyembamba, na maungio hucheza kila gari likipita shimoni. Silanti hunyumbulika, rangi hupasuka.

Toa silanti kuukuu yote. Ilainishe kwa bunduki ya hewa moto, ikwangue, malizia kwa brashi ya waya. Moto wa gesi usiuguse: unapinda bati, na moshi wa silanti inayoungua ni sumu. Chini ya milango ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu bati la nje limekunjwa juu ya la ndani. Pitisha kisu chembamba kwenye lile kunjo kutoka pembe hadi pembe. Bati likitoboka, likate uchomelee jipya. Silanti si kiraka, na fundi anayeitumia hivyo anamdhulumu mwenye gari.

Kutu nyepesi ipake dawa ya asidi ya fosforiki, uisafishe kama kopo linavyoelekeza, ukaushe na kupuliza hewa ya kompresa ndani ya kila ungio. Kisha pitisha praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza inayoshika bati na kuzuia unyevu, na hapa sikubali mjadala: epoksi hukaa chini, silanti juu yake. Ukiweka silanti kwenye bati tupu, unyevu ukipenya pembeni utatembea chini yake bila wewe kuona.

Nunua silanti ya poliyurethini ya bodi za magari, iliyoandikwa kwamba inapakika rangi. Silikoni ya bafuni isiingie gereji kabisa. Rangi huikimbia na kuacha vishimo, na mabaki yake huhamia kwenye vitambaa na mikono. Pati, ile ya kujazia mabonde ya bati, nayo si ya maungio. Itapasuka.

Bandika tepu pande zote mbili za ungio. Kata mdomo wa bomba uwe mdogo, sukuma silanti iingie ndani badala ya kulala juu, ilainishe kwa kidole chenye glavu, kisha vua tepu kabla haijafanya ngozi. Poliyurethini hukauka kwa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu tele, kwa hiyo shughulikia ungio moja mpaka liishe ndipo uende jingine. Sakafuni na ndani ya matao ya magurudumu, silanti ya kupaka kwa brashi inafaa.

Matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti (yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango) yachomeke njiti za kiberiti kabla hujaanza. Ukiyaziba, mlango utageuka tangi. Silanti ikikauka, zichomoe njiti, pitisha waya, puliza hewa na uisikie ikitokea upande wa pili.

504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na 504 ya milango miwili (coupé) yenye injini ya V6 ikarudia mwaka 1978. Gari la namna hiyo linastahili siku za ziada gereji.

Sasa ndipo praima ya kusugua na rangi zifuate. Rangi za 2K, zinazochanganywa na kigumishi, zina isosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Kitambaa puani hakikulindi, tafuta barakoa inayofaa. Nta ya kupuliza ndani ya vizingiti na milango iwe ya mwisho, baada ya rangi kukauka, kwa sababu ikigusa bati mapema rangi haitashika.