Mgonjwa wa saratani akiruhusiwa kurudi nyumbani

Mkiambiwa mgonjwa wenu wa saratani arudi nyumbani, msiondoke wodini kabla ya kuuliza: tiba shufaa tutaipata wapi karibu na kwetu? Hii ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine ya ugonjwa. Wengi hudhani ni ya siku za mwisho tu. Sivyo. Inaweza kwenda sambamba na mionzi au dawa za saratani, na ni vyema ianze mapema. Kwa Nairobi, Nairobi Hospice ilianza kazi hii mwaka 1990, na wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani. Kwa Dar es Salaam, anzieni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mkipewa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, tafadhali msiiogope. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, hata kama maumivu yametulia. Mkingoja yarudi, kuyashusha ni kazi kubwa. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Kipimo msikibadilishe wenyewe. Tena ulizeni ni nani atakayepokea simu maumivu yakizidi saa nane usiku.