Kupima kabureta uliyoichezea kwenye Ford Model T

Ukishapanua koo la kabureta, pale penye wembamba hewa inapopita, usiamini sikio. Hewa nyingi ina kelele, na kelele husikika kama nguvu. Niliwahi kuitia tupa kabureta yangu, Holley NH, nikashangilia njia nzima. Nilipokuja kushika saa, kilima kile kile gari lilichelewa sekunde 4. Injini ya lita 2.9 inayotoa farasi 20 tu, farasi mmoja akipotea anaonekana. Tena chezea kabureta ya akiba, si ile moja uliyo nayo.

Hatua ya 1: moto wa plagi kwanza. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua boksi la koili, bonyeza kitetemeshi (kibati kinachotetemeka juu ya koili) kimoja kimoja kwa kijiti kikavu. Kila ukibonyeza, silinda moja inazima na mlio unashuka. Usiposhuka, silinda hiyo ilikuwa imelala tangu mwanzo. Malizana nayo kabla ya kugusa kabureta.

Hatua ya 2: hewa ya wizi. Dondosha oili kwenye maungio ya manifoldi inayoingiza mchanganyiko. Mlio ukibadilika, pete za maungio hayo zimekufa.

Hatua ya 3: sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta. Kaza taratibu mpaka iguse tu. Ukilazimisha, inachonga kiti chake na haitatulia tena. Fungua mzunguko mmoja hivi, washa, acha injini ipate moto sawasawa. Sasa funga kidogo kidogo mpaka ianze kupiga chafya kwenye kabureta, maana yake hewa imezidi, halafu rudisha mpaka iache. Tia alama ya rangi.

Hatua ya 4: kilima, na hapa usiwe na haraka. Nyingi za gari hizi zina tangi chini ya kiti na hazina pampu. Mafuta yanashuka yenyewe. Tangi likiwa karibu tupu, mlima mkali unainyima kabureta mafuta, nawe utalaumu kazi yako bure. Ndiyo maana wazee walipanda milima mingine kwa rivasi, ili tangi liwe juu ya kabureta. Kwa hiyo jaza tangi. Weka mawe mawili kando ya barabara, pita jiwe la kwanza kwa mwendo ule ule, gia ya juu, mkono wa taiming, unaowahisha au kuchelewesha moto wa plagi, usiuhamishe. Pima mara 3. Kisha iweke garini kabureta ya zamani, ile usiyoichezea, irekebishe sindano yake vilevile, upime tena mara 3 siku hiyo hiyo, kwa sababu joto na upepo wa kesho si wa leo. Wengi hapa huchoka wakaenda nyumbani na namba za upande mmoja.

Hatua ya 5: plagi. Zima injini ghafla ikiwa bado inavuta mlimani, egesha, tia kigingi tairini, fungua plagi zote 4. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chaki, fungua sindano robo mzunguko kabla hujarudi barabarani.