Namna ya Kuisoma Picha ya Zamani ya Familia Ikimuaga Askari

Picha ya familia ikimuaga mtu anayekwenda vitani humgusa sana anayeitazama, na kwa sababu hiyo humfanya aamini mambo ambayo picha yenyewe haikuyasema. Aliyerithi picha ya namna hiyo, au aliyeikuta katika sanduku la marehemu, aanze kwa kugawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: upande mmoja aandike anachokiona kwa macho, na upande wa pili aandike anachokijua au kukidhani kutoka kwingine. Pande hizo zisichanganywe hadi mwisho wa kazi.

Katika upande wa kwanza, anza na mikono, kwa maana katika kuagana mikono husema zaidi ya nyuso: nani kamshika nani, nani kabeba bunduki au mzigo, mkono wa nani umebaki mtupu. Ndipo utazame mavazi, vivuli, vitu vilivyo nyuma ya watu na kingo za picha, kisha ujiulize mpiga picha alisimama wapi na alikuwa akimfanyia nani kazi.

Picha inayofaa kujifunzia ni ile aliyoipiga Claude Dettloff wa gazeti la The Province tarehe 1 Oktoba 1940, katika mji wa New Westminster nchini Kanada. Safu ndefu ya askari inateremka barabarani. Mtoto wa miaka mitano, Warren Bernard, amemchomoka mama yake na kumkimbilia baba. Baba amegeuka huku akitabasamu na kumnyooshea mkono. Mama naye, nyuma yao, amenyoosha mkono ili amrudishe mwanawe. Ukiacha jina na umri wa mtoto, upande wa kwanza wa daftari unaishia hapo. Watazamaji wengi huongeza kwamba askari hao walikuwa wakienda moja kwa moja kwenye mapigano ng'ambo ya bahari, ilhali safari ya siku ile iliishia Nanaimo, katika Kisiwa cha Vancouver, ndani ya jimbo lilelile, na kikosi hicho kilikaa miaka kadhaa kabla ya kuingia vitani Ulaya mwaka 1944. Baba alirudi salama mwaka 1945, na Dettloff akawapiga picha tena wakikutana, lakini ndoa ya wazazi hao haikudumu. Wakati wa vita mtoto yule alipelekwa kwenye mikutano ya kuhamasisha wananchi wanunue hati za kuikopesha serikali fedha za vita. Mimi huona kwamba jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: picha ya kuagana ni ya familia, lakini mara nyingi imewahi kutumikia pia haja za dola.

Picha za askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) zilizobaki katika nyumba za Afrika Mashariki zinahitaji uangalifu wa aina nyingine, hasa zile za studio. Uso usio na tabasamu ndani ya studio mara nyingi ni desturi ya kupiga picha, kwa hiyo usiuandike kuwa huzuni. Kofia yenye ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja inaelekeza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Tarbushi peke yake haitoshi, kwa kuwa Keya waliivaa kwa miaka mingi, hata kwenye gwaride. Geuza picha utafute mhuri wa studio na maandishi ya mkono. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani na karatasi ikang'aa kwa weupe wa samawati, hiyo ni nakala iliyosafishwa baadaye, kwani karatasi zenye dawa ya kung'arisha zilianza kuenea miaka ya 1950.

Tarehe ikipatikana, hata ya kukisia, hubadilisha maana ya picha nzima. Mpiga mizinga aliyeagana na mkewe Januari 1944 huenda alipanda Khedive Ismail, meli iliyoondoka Mombasa mwezi uliofuata ikielekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari, watu zaidi ya 1,200 wakafa. Askari wa Afrika Mashariki waliopotea humo wamekumbukwa katika Makaburi ya Vita ya Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayoweza kutafutwa bure kwenye intaneti. Jaribu tahajia kadhaa za jina, na namba ya jeshi kama familia inaikumbuka.

Kabla ya kumpelekea mzee picha, iskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, ili mikononi mwake uweke nakala kubwa anayoweza kuiona vizuri. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha ikiwa humo humo. Usitumie gundi, utepe wa kunata wala kuifunika kwa plastiki ya moto, na joto la unyevu la pwani likwepwe kwa kuihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, katika kabati kavu.

Mzee akishasalimiwa na kupumzika, usimwambie, "Bibi, huyu si ndiye babu siku aliyokwenda Bama (Burma)?" kwa kuwa atakubali kwa heshima tu. Mwombe akusimulie anachokiona, umwache anyamaze akitaka, umwombe ruhusa ya kurekodi, na maneno yake uyaandike upande wa pili wa daftari pamoja na jina lake na tarehe ya mazungumzo.