Boya la mviringo lina lita ngapi? Piga hesabu kwa rediasi

Kazi yangu ni maboya, ya nyavu na ya kufungia boti, huku Likoni, na kila mtu akija swali ni lile lile, hili boya litabeba kilo ngapi. Jibu liko kwa ujazo wake, na ujazo wa tufe wataka kipimo kimoja tu: rediasi, yaani kutoka katikati kabisa mpaka nje.

Hatua ya 1: tafuta rediasi. Katikati ya boya hufiki na rula, kwa hivyo chukua tepu ya fundi cherehani izungushe pale palipo panene zaidi, kisha geuza boya upime tena upande mwingine manake mengine yamebonyea. Tuseme mzingo ni sentimita 94.2. Gawanya kwa 3.14, kipenyo ni 30, gawanya kwa 2, rediasi ni 15. Hapo pa kugawanya kwa 2 ndo wengi wanaruka, na ukitumia 30 badala ya 15 jibu litakuja mara 8 ya ukweli, ufunge mnyororo mzito boya lizame nao.

Hatua ya 2: 15 × 15 × 15 = 3,375. Si 15 × 3 jamani.

Hatua ya 3: zidisha kwa 3.14, zidisha kwa 4, gawanya kwa 3. Utapata 14,130, hizo ni sentimita za ujazo. Gawanya kwa 1,000 na una lita 14.13.

Hiyo 4 na 3 zatoka wapi? Archimedes, yule Mgiriki wa Siracusa, alithibitisha kwamba tufe likiingia sawasawa ndani ya silinda, likigusa kuta, juu na chini, linachukua thuluthi mbili za silinda hiyo. Silinda ni pai (ile 3.14) × r × r × 2r, r ikiwa rediasi, chukua thuluthi mbili zake na fomula ndo hiyo imetoka. Mimi naipenda sana hii, kwa sababu ukiielewa hata ukisahau fomula waijenga upya hapo hapo ufuoni.

Sasa tepu ishike vizuri. Rediasi ikiwa 16 badala ya 15, sentimita moja tu, ujazo waruka mpaka lita 17.1 hivi, lita 3 za uongo.

Hatua ya 4, ya baharini: lita moja ya maji ya chumvi ina uzito wa kama kilo 1.025, kwa hivyo boya letu likizama lote lasukumwa juu kwa kilo 14.5 hivi. Toa uzito wa boya lenyewe, tuseme kilo 1.5, zabaki 13. Lakini usilipakie zote 13, litakuwa chini ya maji na hakuna atakayeliona. Mimi nataka nusu ibaki juu, kwa hivyo nusu ya 14.5 toa 1.5, kama kilo 5.7, na huo uzito wa mnyororo upime ukiwa ndani ya maji.